Barua ya Kazi ya Matonya

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, Anyesi alikwenda na mama yake kuteka maji kwenye kisima cha mchangani. Kiangazi kile maji yalikuwa yamezama mbali sana. Mama alishuka ndani ya shimo, akateka kwa kata, na Anyesi akayapokea na kuyamimina katika mtungi polepole ili yasimwagike. Waliporudi nyumbani alikunywa uji wa uwele, akachukua ubao wake wa kuandikia na kukimbilia shuleni.

Shule ile ilikuwa tembe kama nyumba nyingine za kijiji, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa. Misheni ilikuwa imeijenga karibu na wakati ule ambao Wadachi walifikisha reli yao Dodoma, mji ambao kutoka pale kijijini unaufikia kwa mwendo wa asubuhi moja. Mwalimu alikuwa Nikodemo, Mgogo mwembamba aliyependa usafi, na sifa yake kubwa ilikuwa mwandiko. Katika watoto wote aliowafundisha, hakuna aliyeandika vizuri kama Anyesi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na watu wazima walikuwa wakija kwake wakimwomba awaandikie salamu kwa ndugu zao walio mbali. Jambo hilo lilimpa fahari.

Kaka yake, Matonya, hakusoma. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na ng'ombe, na mchungaji hana nafasi ya kukaa darasani. Kisha sotoka ikaingia zizini ikawamaliza ng'ombe wote, akabaki mbuzi mmoja tu wa maziwa. Tangu hapo Matonya alikwenda Dodoma kubeba mizigo kwenye stesheni ya gari la moshi. Alirudi nyumbani na mabega yaliyochubuka, na mama alimkanda kwa maji ya moto huku yeye akisema haumii.

Jioni moja alirudi akitabasamu.

"Anyesi, una wino?" aliuliza kabla hata hajakaa.

"Upo kidogo. Kuna nini, kaka?"

"Posta wanatafuta tarishi mpya, mtu wa kupeleka mfuko wa barua Kondoa Irangi na kurudi. Vijana tulijazana mlangoni mpaka yule Mdachi mkubwa wa posta akaanza kufoka. Basi Karani Hamidi akatuambia kila anayetaka kazi alete barua. Aeleze yeye ni nani, ametoka wapi na anajua nini."

Anyesi alitandika mkeka karibu na mlango palipokuwa na mwanga, akachovya kalamu. "Haya, sema."

Matonya alifikiri, kisha akasema taratibu, kama mtu anayehesabu mbuzi wanaoingia zizini. "Mimi ni Matonya, mtoto wa Ndahani. Nimechunga ng'ombe tangu nilipokuwa mdogo. Miguu yangu ina nguvu na kiu naivumilia. Kitu cha mtu nikipewa nitunze, nakitunza. Njia naijua mpaka milima ya Chenene. Mbele ya hapo sijafika, lakini nikionyeshwa mara moja sipotei tena."

Anyesi aliinua kalamu. "Hiyo ya kutofika usiiseme. Wakisoma kwamba hujui njia, watakuchukua kwa lipi?"

"Si ndiyo kweli yenyewe? Andika tu. Wataniona mwenyewe na miguu yangu."

Akatoka kwenda kumkamua mbuzi. Anyesi alibaki peke yake na karatasi. Aliwafikiria vijana wote wale waliojazana mlangoni pa posta. Aliyafikiria mabega ya kaka yake. Akaona kwamba maneno aliyoambiwa ni maneno ya mtu anayebisha mlango kwa woga, na yeye alitaka mlango ufunguke. Basi pale palipotakiwa kuwa na Chenene, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Njia yote ya Kondoa naijua, na visima vyake vyote navijua, kwani nimeipita mara nyingi.*

Matonya aliporudi na kibuyu cha maziwa, aliitazama karatasi kwa furaha, ingawa kwake ilikuwa mistari mitupu.

"Umeandika yote?"

"Yote," alisema Anyesi.

Kesho yake alimwonyesha Mwalimu Nikodemo barua ile. Mwalimu aliisoma, akasahihisha neno moja, akasema, "Mwandiko huu hata mtu mwenye macho mabovu atausoma. Vizuri sana." Hakuuliza kitu kingine. Alimpa bahasha, na Matonya akaipeleka Dodoma kwa mikono miwili.

Alipata kazi. Siku aliyoleta habari hiyo, mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Matonya alikuwa amevaa shati jipya la khaki lililombana kifuani.

"Barua yako ndiyo iliyonipa kazi, mdogo wangu," alimwambia Anyesi. "Karani Hamidi alimfasiria yule Mdachi, wakatazamana, wakaniuliza swali moja tu: haya uliyoandika ni kweli? Nikasema ni kweli, bwana. Basi, ikawa imekwisha." Kisha akakuna kichwa. "Nilidhani watanipa mtu wa kunionyesha njia. Wameniambia niondoke kesho peke yangu. Labda njia yenyewe ni rahisi. Nitauliza watu."

Anyesi alikumbuka alichokiandika. Alifungua kinywa. Lilibaki neno moja tu la kusema. Lakini Matonya alikuwa akicheka na mama, na mama hakuwa amecheka hivyo tangu ng'ombe walipokufa. Anyesi alifunga kinywa chake. Alijiambia kwamba watu wapo kila mahali, na kaka yake si mtoto.

Asubuhi mama alimfungia Matonya unga na karanga, akamjazia kibuyu maji mpaka juu. "Ukiona kisima, kunywa kabla hujasikia kiu," alimwambia. Matonya aliitikia, akamgusa Anyesi kichwani, akashika njia ya kwenda posta kuchukua mfuko.

Walimngojea. Kwanza walingojea kwa furaha, wakikadiria amefika wapi. Kisha mama akaanza kutoka nje kila aliposikia mbwa akibweka. Jua la mwezi ule lilikuwa kali mno, upepo ukatimua vumbi jekundu, na kisima cha mchangani kikabaki tope. Anyesi alikuwa shuleni lakini hakusikia alichofundishwa.

Mchana mmoja walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa Karani Hamidi, mtu wa mjini mwenye kanzu na kofia, uso umejaa jasho. Wa pili alikuwa Mzee Amiri, tarishi mkongwe aliyeijua njia ile kabla reli haijakuwapo. Mama aliwaona tangu mbali. Alikaa chini pale pale alipokuwa.

"Shikamoo, Mzee," alisema Anyesi kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Amiri, akachuchumaa mbele ya mama. Kisha akasema, "Mama, mwanao hatunaye. Kupita Chenene njia inagawanyika. Yeye alifuata ile ya ng'ombe inayokwenda kwenye ziwa dogo, nalo kiangazi hiki limekauka. Wawindaji wa Kisandawe walimkuta chini ya mgunga. Kibuyu chake hakikuwa na kitu. Mfuko wa barua alikuwa ameutundika juu kabisa ya mti, fisi wasiufikie. Hata barua moja haikupotea. Walimzika pale pale, wakatuletea mfuko."

Mama hakulia. Alishika udongo kwa viganja vyote viwili kana kwamba ardhi inataka kuondoka.

Karani Hamidi alivua kofia. "Poleni sana," alisema. "Sisi wenyewe hatuelewi. Tarishi mgeni huwa tunampeleka na Mzee Amiri mpaka aizoee njia. Lakini yeye katika barua yake alisema anaijua njia yote, na visima vyote. Ndiyo maana tukamwacha aende peke yake. Sasa pale posta watu wanasema alitudanganya ili apate kazi."

"Matonya?" Mama aliinua uso. "Matonya hakuwahi kuvuka Chenene. Na hakuwahi kusema uongo."

Anyesi alisimama nyuma ya mlango akiushika mhimili.

Majirani walikuja kulia pamoja nao, wakakaa mpaka matanga yalipokwisha, wakarudi kwenye mashamba yao. Nyumba ikabaki na watu wawili. Anyesi hakula vizuri, na kila aliposhika kalamu aliiweka tena chini. Shuleni alimsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake, "Kama asingejidai anajua njia, angekuwa hai." Maneno hayo yalimchoma kuliko kiboko. Kaka yake alikuwa amekufa, na sasa hata jina lake lilikuwa likichafuliwa kwa kosa lisilo lake.

Siku hiyo alimkuta mama akisaga uwele. Alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia.

"Mama, Matonya hakudanganya. Ni mimi."

Mama aliendelea kusaga.

"Aliniambia niandike kwamba anaijua njia mpaka Chenene tu. Mimi nikaandika yote. Nilitaka apate kazi, mama. Nilitaka aache kubeba mizigo."

Jiwe lilisimama. "Ulimsomea?"

"Hapana."

"Aliposema anakwenda peke yake, ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu mwingine ndani ya uso ule. Kisha akainuka, akaacha unga juu ya jiwe, akatoka kwenda kwenye zizi tupu la ng'ombe. Anyesi alimsikia akilia huko, kilio ambacho hakukilia hata siku ile ya habari. Alitaka kumfuata lakini hakuthubutu.

Tangu hapo mama alisema naye yale tu ya lazima: leta kuni, funga mbuzi, maji yamechemka. Hakumpiga wala hakumtukana. Anyesi angependa apigwe.

Alikwenda kwa Mwalimu Nikodemo, akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akainama.

"Niliisoma barua ile kwa macho yangu," alisema. "Niliona herufi, sikuona mtu. Ningekuuliza tu kama Matonya amewahi kufika Kondoa, ungenijibu nini?"

"Sijui, mwalimu. Labda ningesema kweli."

"Basi na mimi sikuuliza. Sasa unataka kufanya nini?"

"Nataka kwenda posta niwaambie si yeye. Lakini naogopa."

"Ogopa, lakini twende. Nitakuwa nawe."

Walikwenda Dodoma wakafika posta watu wakiwa wamejaa barazani, matarishi na wapagazi wakingojea mizigo. Karani Hamidi alitaka kuwaingiza ndani, lakini Anyesi alitikisa kichwa. Maneno mabaya yalisemwa pale barazani, akaona kweli nayo isemwe pale pale.

"Mimi ni Anyesi, mdogo wake Matonya," alisema. "Barua yake niliiandika mimi. Aliniambia niseme anajua njia mpaka Chenene, na kwamba anaomba kuonyeshwa iliyobaki. Mimi niliandika uongo bila yeye kujua. Hakuweza kusoma. Mlipomwuliza kama ni kweli, alidhani mnamwuliza aliyoyasema yeye. Msimwite mwongo. Mwongo ni mimi."

Mzee Amiri alijifuta macho kwa mkono wa shati lake. Mtu mmoja alinong'ona, "Masikini kijana wa watu."

Karani Hamidi alikaa kwenye ngazi ili uso wake uwe sawa na wa Anyesi. Hakumkemea, lakini hakumpunguzia.

"Sikiliza, binti yangu. Mimi nikiwa ndani ya ofisi simjui mtu anayeomba kazi. Ninachokijua ni kile ambacho barua yake inaniambia, na hicho ndicho ninachokitumia kumpangia kazi. Ukiniandikia kwamba mtu hajui njia, namtafutia wa kumwonyesha. Ukiniandikia kwamba anajua, namwacha aende. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana."

"Na jambo jingine. Yale aliyokuambia kaka yako, kwamba ana miguu, anavumilia kiu, anatunza kitu cha mtu, na yuko tayari kuonyeshwa, hayo kwangu yalitosha. Ningemchukua kwa hayo." Aligeuka akamtazama Mzee Amiri. "Ningemchukua, na angekwenda na Mzee Amiri."

Anyesi alilia njia nzima ya kurudi. Mwalimu hakumnyamazisha. Walipofika nyumbani, Mwalimu ndiye aliyemweleza mama yaliyotokea Dodoma. Mama alisikiliza, akauliza neno moja. "Alisema mbele ya watu wote?"

"Mbele ya wote."

Mama akamsogezea Anyesi bakuli la ugali na mlenda. Kisha alikaa karibu naye mpaka alipomaliza kula.

Mvua za kwanza zilipokaribia, kijana Sila, aliyechunga pamoja na Matonya tangu utotoni, alikuja pale nyumbani. Alisimama mlangoni akikanyagakanyaga.

"Mbukwa, mama," alisalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, Anyesi. Posta wanataka tena mtu. Nimekuja kuomba barua."

Anyesi aliruka kama aliyeguswa na moto. "Nenda kwa mwalimu. Mimi siandiki tena."

"Kaa, Sila," alisema mama. Kisha akamgeukia binti yake. "Leta kalamu."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Watu hapa wataendelea kutafuta kazi, na wengi hawajui kusoma. Ukiacha wewe, ataandika mwingine ambaye hajui unachokijua. Leta kalamu, mimi nitakaa hapa."

Anyesi akaandika. Sila alisema jina lake na la baba yake. Alisema njia ya Kondoa ameifuata mara moja tu, tena mpaka Haneti, akiwa na wajomba zake. Alisema anaogopa simba lakini njiani halali usingizi. Kisha akajikohoza. "Ongeza kwamba najua Kidachi kidogo. Watapenda."

Kalamu ilisimama. "Unakijua?"

"Neno moja mawili."

"Yepi?"

Sila alitafuta, akaanza kucheka. "Basi, acha."

"Niandike hukijui?"

"Kama hawakuuliza, acha kabisa. Lakini ile ya Haneti iandike kama nilivyosema."

Alipomaliza, Anyesi alimsomea barua yote, polepole, neno kwa neno. Sila alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Mama naye alisikiliza. "Soma tena pale pa Haneti," alisema, na Anyesi akasoma tena. Ndipo mama akasema, "Sasa ifunge."

Sila alichukuliwa. Safari yake ya kwanza alitembea nyuma ya Mzee Amiri, na kila penye njia panda mzee alimsimamisha akamwambia atazame vizuri. Aliporudi hakwenda kwao kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa mama yake Matonya, miguu imejaa vumbi.

"Mama, Mzee Amiri alinipeleka pale alipozikwa Matonya," alisema. "Ni mahali pa wazi, pana mgunga mmoja mkubwa. Wawindaji walimfunika kwa mawe mengi, hakuna mnyama aliyemgusa. Mvua imeanza kule. Majani yameota pembeni. Tuliongeza mawe, na mzee akasoma dua yake, nami nikasali ya kwetu."

Mama aliuliza mti umeelekea wapi, mawe ni makubwa kiasi gani, na kama kutoka pale milima inaonekana. Sila alijibu kila swali. Tangu msiba ule, hii ilikuwa mara ya kwanza mama kupata mahali pa kumweka mwanawe katika mawazo yake.

Sila alipoondoka, Anyesi alibaki ameinama. "Nisamehe, mama," alisema.

"Nimekusamehe," alijibu mama. "Lakini sikudanganyi kwamba nimeacha kuumia. Nitaumia, na wewe utaumia, na Matonya hatarudi. Ulimpenda, najua. Ulidhani ukimwongezea yasiyokuwa yake utamsaidia. Usimfanyie mtu hivyo tena hata ukimpenda vipi. Anapoomba kazi, mwandikie alicho nacho, na asichokuwa nacho usimvike. Kisha msomee mwenyewe asikie, kwa sababu barua ikishakwenda, ni yeye atakayetembea."

Anyesi aliweka kichwa chake magotini pa mama, na mama akauweka mkono wake juu yake. Walikaa hivyo, wakimlilia Matonya pamoja.